Damu ya bweha, jino la mbwa: Virusi vinavyofuatwa kutoka mbugani hadi mlangoni pako

Mwambie mzee wa Kibokoni aliyeketi barazani na kikombe chake cha kahawa chungu kwamba wako wataalamu waliotumia miongo mitatu kuchota damu ya simba na kuokota mizoga ya bweha. Kisha umwambie kwamba kazi hiyo inamhusu yeye na wajukuu wake. Yamkini atakuuliza: bweha wa wapi, mwanangu? Na atakuwa na haki ya kuuliza. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, kutoka Ndia Kuu hadi Kuze, mnyama utakayekutana naye ni paka, paka, na paka mwingine tena. Juu ya paa kuna kunguru. Mbwa huonekana kwa nadra, kwa kuwa wenyeji wengi hawamfugi kwa sababu za dini. Bweha hajapata kuvuka Makupa.

Hata hivyo, virusi havijui mpaka wa mbuga wala wa kisiwa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ambao mzee huyo anaujua kwa jina tu ni ule ule unaoua bweha katika nyika za Serengeti, na namna wataalamu walivyoufuatilia huko porini ndiyo iliyotufundisha ni nani hasa tunayepaswa kumchunga huku mjini. Jibu lenyewe si lile ambalo wengi wetu tungelitarajia.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zinazotisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Hapa Kenya, makadirio ya serikali yamekuwa yakifikia vifo 2,000 kwa mwaka. Ni makadirio tu, kwa kuwa wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila ya kuandikwa popote. Dalili zikishajitokeza, yaani mgonjwa akianza kuogopa maji, kushtuka kwa upepo na kushindwa kumeza mate yake mwenyewe, hakuna hospitali mjini Mombasa, Nairobi wala London inayoweza kuahidi kumwokoa.

Wakati huo huo, ni vigumu kupata ugonjwa mwingine mkali kiasi hiki ambao huzuilika kwa urahisi kama huu. Kwa nini basi haujatutoka?

Vichwa vya kuku kwa bweha wa Ulaya

Wazungu walilipata swali hilo kabla yetu. Tangu miaka ya 1940, wimbi la kichaa lilitoka upande wa Poland likielekea magharibi, likibebwa na bweha mwekundu. (Lugha yetu haitofautishi sana: bweha au mbweha, wa Ulaya mwenye mkia wa manyoya na wa kwetu anayelia usiku, wote tumewapa jina moja.) Wimbi hilo lilisonga kiasi cha kilomita 20 hadi 60 kwa mwaka, na kufikia 1968 lilikuwa limeingia Ufaransa. Serikali zilijaribu kuwapiga risasi, kuwategea na hata kuwapulizia gesi ndani ya mashimo yao. Haikufaa. Bweha mmoja akiuawa, mwingine kijana alihamia katika eneo lake, na kwa kuhamahama huko ugonjwa ukaenea zaidi.

Ndipo mwaka 1978, katika bonde la mto Rhône huko Uswisi, wataalamu walipofanya jambo ambalo watu waliliona la kichekesho. Walichukua vichwa vya kuku, wakaweka ndani yake chanjo ya kunywa, kisha wakavitupa porini ili bweha wale.

Lakini utajuaje ni bweha wangapi waliokula? Huwezi kumuuliza bweha. Kwa hivyo waliichanganya chambo hiyo na dawa ya tetrasaiklini, dawa ambayo hung'ang'ania katika mifupa na meno na kung'aa chini ya taa maalumu. Wawindaji walipoleta mizoga ya bweha maabarani, wataalamu walikata kipande cha jino na kutazama. Linalong'aa, huyo amekula. Kisha waliichunguza damu kuona kama chanjo ilimwingia, na ubongo kuona kama alikuwa na ugonjwa. Mwaka baada ya mwaka, wilaya baada ya wilaya, ramani ya ugonjwa ikawa inafifia. Uswisi ilitangazwa kuwa huru mwaka 1999, Ufaransa 2001 na Ujerumani 2008.

Watu wengi wakisikia habari hii husema: basi na sisi tuwachanje bweha wetu. La. Kwa Afrika Mashariki jibu lilikuwa tofauti kabisa, na kulipata kulihitaji subira.

Aliyemwambukiza bweha ni nani?

Katika nyika za Serengeti na za huku kwetu yuko bweha mdogo mwenye masikio makubwa kama ya popo. Wenyewe humwita bweha masikio. Hali kuku wala mbuzi wa mtu, chakula chake hasa ni mchwa. Hutega masikio yake ardhini akasikia mchwa wakitembea chini ya nyasi. Huishi kwa jamaa, mume na mke na watoto, wakilambana na kuchanana manyoya muda mwingi. Tabia hiyo ya mapenzi ndiyo inayomponza, kwani virusi vya kichaa hukaa katika mate. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliokuwa wakiwafuata bweha hao mbugani Serengeti waliwaona wakifa kwa kichaa, jamaa kwa jamaa.

Hapo yakazuka maswali mawili. Je, bweha hao ndio wanaouhifadhi ugonjwa porini na kuurejesha kwa mbwa wa vijijini? Au wao ni wahanga tu, wanaoambukizwa na mbwa?

Tofauti yake si ya wasomi peke yao. Kama ugonjwa unaishi kwa bweha, basi kuchanja mbwa ni kumwaga maji mchangani, kwani utarudi tu. Kama unaishi kwa mbwa, ukiwachanja mbwa hata bweha watapona bila ya kuguswa.

Njia ya kwanza ya kupata jibu ilikuwa kuilinganisha nasaba ya virusi. Kila kirusi kinapojizalisha huacha makosa madogo katika maandishi yake ya urithi, na makosa hayo hurithiwa, kama vile ukoo unavyotambulikana kwa pua au kwa sauti. Virusi vilivyotolewa katika bongo za bweha, fisi, paka mwitu na mbwa wa Serengeti vilipowekwa pamoja vilionekana kuwa wa ukoo mmoja. Hapakuwa na ukoo wa pekee wa bweha. Huko Afrika Kusini mambo ni mengine: upande wa magharibi wa nchi hiyo bweha masikio wana ukoo wao wa virusi unaojiendesha wenyewe bila ya mbwa. Na mwaka 2024, nchi hiyo hiyo iligundua kichaa katika sili wa baharini, virusi vyenyewe vikiwa vya ukoo wa bweha. Mvuvi wa Mombasa hana sili wa kumwogopa, lakini ni vyema ajue kwamba hata bahari si kizuizi.

Njia ya pili haikuhitaji mashine kubwa. Ilihitaji viatu vigumu. Tangu mwaka 2002, wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Uingereza, akiwemo Katie Hampson, walikwenda nyumba kwa nyumba katika wilaya zilizo kando ya mbuga wakiuliza: ni mbwa gani aliyemng'ata nani, lini, naye alitoka wapi? Kwa kufanya hivyo mwaka nenda mwaka rudi waliichora silsila ya ugonjwa. Waligundua kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja hadi wawili tu. Linganisha na surua, ambapo mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasiochanjwa. Kwa maneno mengine, kichaa cha mbwa ni moto unaowaka kwa kuni chache. Ukichanja mbwa 7 katika kila 10, moto unakosa kuni na kuzimika.

Matokeo yalipowekwa pamoja mnamo 2008, jibu lilikuwa wazi: katika eneo la Serengeti, mbwa wa kufugwa ndiye anayeuhifadhi ugonjwa. Bweha huupata kwake.

Damu iliyogandishwa

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini damu ya simba tuliyoitaja pale mwanzo. Kuna tofauti moja muhimu hapa, nayo huwachanganya wengi. Kichaa cha mbwa hakiachi manusura wa kutolewa damu. Mnyama aliyepata ugonjwa hufa, na ushahidi wenyewe umo katika ubongo wa mzoga wake. Ndiyo maana wanaofuatilia kichaa hutafuta mizoga. Lakini virusi vingine humgonga mnyama akapona, na damu yake huweka kumbukumbu. Mwili uliopigana na adui hubaki na kingamwili zake, kama askari mstaafu anayehifadhi sare yake sandukuni. Ukimchoma simba sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, ukachota damu yake, ukatenga yale maji ya manjano na kuyagandisha, unaweza kuyachunguza hata baada ya miaka 20 na kuuliza: huyu aliwahi kukutana na virusi fulani?

Faida yake ilionekana mwaka 1994. Mwanzoni mwa mwaka huo simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kutapatapa na kuanguka. Kabla ya mwaka kwisha, theluthi moja ya simba wote walikuwa wamekufa, kiasi cha 1,000. Ugonjwa ulivuka mpaka ukaingia Maasai Mara. Fisi, chui na bweha masikio nao hawakusalimika. Haikuwa kichaa. Ilikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa ambao virusi vyake ni binamu wa surua. (Hapa nitulize nyoyo: distempa haijulikani kumdhuru binadamu.) Virusi vilivyopatikana vilifanana na vile vya mbwa wa vijijini.

Watafiti walipoichunguza damu ya zamani iliyokuwa imewekwa barafuni, walikuta jambo la ajabu. Kati ya 1976 na 2006, distempa ilikuwa imewapitia simba wa Serengeti na wa Ngorongoro angalau mara 5 kimya kimya, bila ya simba kufa. Mbona basi mwaka 1994 iliua? Sababu ilikuwa ukame. Nyati walidhoofu kwa njaa, wakajaa kupe, simba wakawala nyati hao na kuingiwa na vijidudu vya babesia vinavyoletwa na kupe. Distempa ikaiangusha kinga ya mwili, babesia ikammaliza simba. Virusi peke yake havikutosha kuua, na bila damu ya miaka iliyopita hakuna ambaye angelijua.

Pamoja na hayo, damu hiyo ilitoa onyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia takwimu za karibu miaka 30, ulionyesha kwamba kuchanja mbwa kandokando ya mbuga kulipunguza distempa kwa mbwa lakini hakukuizuia kuwafikia simba, kwa kuwa wanyama wengine wa porini nao wanaipitisha. Dawa iliyotosha kwa kichaa haikutosha kwa distempa. Mwaka 2017 distempa iliwafagia mbwa mwitu wa Laikipia. Kila virusi vina tabia yake, na anayedai kuwa na jibu moja kwa magonjwa yote ya wanyama ni wa kuepukwa.

Popo wa Shimoni

Tukirudi Pwani, mnyama wa porini anayeishi nasi mlango kwa mlango si bweha, ni popo. Jioni magharibi inapoingia hutoka kwenye mapaa ya makuti na magofu, na wale wakubwa wanaokula matunda huizunguka miembe na mibuyu. Ile mibuyu mikongwe ya ufuo wa Mama Ngina huchanua usiku, na popo ni miongoni mwa wanaoyachavusha maua yake.

Kati ya 2006 na 2007, wataalamu wa Marekani na wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walikamata popo 1,221 katika sehemu 25 za nchi. Katika ubongo wa popo mmoja wa matunda aliyekuwa amekufa walipata virusi vinavyoitwa vya Lagos, ambavyo ni jamaa ya kichaa cha mbwa. Damu ya popo wengine ilisimulia zaidi: katika makundi ya aina hiyo ya popo, kati ya asilimia 40 na 67 walikuwa na kingamwili, ishara kwamba walikutana na virusi hivyo na wakaishi. Mwaka 2009, kusini mwa Mombasa, popo aliyekufa alipatikana katika pango eneo la Shimoni akiwa na virusi ambavyo havijawahi kuonekana popote duniani. Vikaitwa virusi vya popo wa Shimoni. Kwa hivyo kijiji cha wavuvi kinachotazamana na Wasini sasa kimo katika vitabu vya matabibu wa ulimwengu mzima.

Je, ni hatari? Hakuna mtu anayejulikana kufa kwa virusi vya Shimoni. Lakini ni haki kusema kwamba majaribio ya maabara yameonyesha chanjo ya kawaida ya kichaa haitoi kinga ya kutegemewa dhidi ya virusi vya Lagos na vya Shimoni. Na liko tukio moja la kuzingatiwa. Oktoba 2007 mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo huko Tsavo Magharibi. Hakupewa chanjo. Alirudi kwao, na kabla ya mwaka kwisha alifariki huko Amsterdam kwa virusi vya Duvenhage, jamaa mwingine wa kichaa. Hivi vya Duvenhage viko karibu zaidi na kichaa cha kawaida, na kwa hivyo chanjo hupendekezwa kwa aliyekwaruzwa na popo. Ni kifo kimoja, na sikitaji kuchochea watu wakachome moto mapango. Popo wakifukuzwa huhamia kwingine na virusi vyao, na mbu na nondo waliokuwa wakiliwa watabaki kutusumbua sisi. Kanuni ni nyepesi: popo aliyeanguka chini mchana, au asiyeweza kuruka, asishikwe kwa mkono mtupu, hasa na watoto wanaodhani ni ndege.

Pemba walifanikiwa, sisi je?

Katika kisiwa cha Pemba, ambacho majahazi ya Mombasa yamekuwa yakikiendea tangu enzi za mababu, kichaa cha mbwa kilikuwapo kwa miaka mingi. Kampeni za kuchanja mbwa zilipofanywa kwa ukamilifu, ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Watu wakapumua, chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ukarudi. Wataalamu walizisoma nasaba za virusi hivyo na kutambua kwamba havikuwa vimejificha kisiwani, vililetwa kutoka nje. Chanjo zikarejeshwa, na 2018 ugonjwa ukaondoka tena. Pemba nao ni kisiwa cha Waislamu wenye mbwa wachache, na kuna watu waliodhani kwamba penye mbwa wachache hapana haja ya kuchanja. Mambo yalithibitisha vinginevyo.

Kwa maoni yangu, Mombasa haiwezi kuiga Pemba kikamilifu, kwa sababu kisiwa chetu ni kisiwa kwa jina tu. Mbwa koko anaweza kuvuka Makupa kwa miguu usiku mmoja, akatoka katika jaa la taka hili na kuingia katika lile. Nyali kuna daraja, Likoni kuna feri. Kukichanja kisiwa pekee na kuiacha Kisauni, Changamwe na Likoni ni kufunga dirisha mlango ukiwa wazi. Jambo la kufanya ni kuihesabu kaunti nzima, na Kwale na Kilifi pamoja nayo, kuwa eneo moja. Mkakati wa taifa wa mwaka 2014, ambao unalenga kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, ulianza na kaunti chache za majaribio, miongoni mwazo Makueni na Siaya. Pwani haikuwa ya kwanza kwenye foleni.

Isitoshe, zamani halmashauri za miji zilizoea kuwaua mbwa wa mitaani kwa risasi na sumu. Ile habari ya bweha wa Ulaya inatueleza kwa nini haikusaidia. Mbwa waliouawa nafasi yao hujazwa na wengine ambao hawajachanjwa, na pengine aliyechanjwa ndiye aliyeuawa.

Na paka wa Mji wa Kale? Paka hauhifadhi ugonjwa huu, lakini aking'atwa na mbwa mgonjwa huupata, na mtu aliyekwaruzwa au kung'atwa naye anaweza kuambukizwa. Paka aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, akawa anashambulia bila ya kuchokozwa, anyimwe kubembelezwa. Kwa paka wa nyumbani, chanjo ipo na daktari wa mifugo huitoa sawa na ya mbwa.

Ukiumwa

Mtoto anayerudi chuoni jioni akang'atwa mguuni huwa anaogopa kusema, hasa ikiwa alimchokoza mnyama huyo. Aambiwe mapema kwamba hatapigwa. Uoga wa mtoto umewahi kugharimu maisha.

Jambo la kwanza si pilipili, si chumvi, si mafuta ya taa, si majani. Ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili kwa saa ya ukutani. Virusi vya kichaa vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha utando huo. Hata sabuni ya mche ya kufulia inafaa. Kidonda kisifungwe kwa kitambaa cha kukaza wala kushonwa upesi.

Kisha ni hospitali siku hiyo hiyo. Virusi husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na aghalabu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, lakini jeraha la uso, shingo au mkono hufika upesi zaidi. Mtoto mfupi huumwa usoni mara nyingi kuliko mtu mzima. Chanjo ya msuli hudungwa siku unapoanza, kisha siku ya 3, ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Kwa jeraha lililotoa damu huongezwa dawa ya kingamwili zilizo tayari, inayodungwa ndani ya kidonda chenyewe. Dawa hiyo ni ghali na huadimika, na si kila zahanati ina chanjo, kwa hivyo ni busara kupiga simu au kuuliza kabla ya kupoteza nusu siku katika matatu. Wanaojaribiwa kusimama baada ya sindano mbili kwa kuwa kidonda kimepona wajue kwamba kidonda na virusi ni mambo mawili mbalimbali.

Mwisho, kuhusu mnyama mwenyewe. Akiwa ni mbwa au paka anayejulikana na mzima, asiuawe, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akiwa bado hai na mwenye afya siku ya kumi, basi hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyong'ata, na daktari anaweza kuamua kuzikatiza sindano zilizobaki. Kuangalia huko hakucheleweshi chanjo, vyote huanza siku moja. Akifa kabla ya hapo, au ikabidi auawe, asipigwe kichwani. Afisa wa mifugo aitwe ili apeleke kichwa maabarani, kikiwa kwenye barafu, kwa kuwa ushahidi wote umo katika ubongo.

Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, katika kaunti nyingi chanjo hutolewa bila malipo. Tarehe hiyo ni ya kifo cha Louis Pasteur, aliyemdunga mtoto wa miaka 9 chanjo ya kwanza mwezi Julai 1885.